Kisu Kisichoficha Utomvu

Kisu changu cha kwanza cha kazi kilikuwa kizuri mno. Kaka yangu alikileta kutoka ughaibuni mwaka ule nilioajiriwa kuwa bibi shamba wilayani Muleba. Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wa mti mweusi uliosuguliwa hadi ukang'aa, misumari ya shaba pande zote mbili, na bapa lililofunguka kwa mlio mdogo, ta, kama kufuli jipya. Wakulima waliniomba wakitazame, wakapokezana. Wazee walipima makali kwa ukucha wa kidole gumba, wakakirudisha kwa mikono miwili. Leo kipo ndani ya droo, kimeviringishwa kwenye kitambaa, na sitakitia tena kwenye mgomba wa mtu.

Vijana wanaoanza kazi huniuliza wanunue kisu gani, na kwa shilingi ngapi, maana mshahara wa kwanza una midomo mingi inayousubiri. Kila nikiwajibu najikuta nimeanza na bei, nikaishia kwenye jambo ambalo bado linaniuma. Safari hii naanza na linaloniuma.

Mnyauko wa migomba uligunduliwa Kagera mwaka 2006, huku huku Muleba, miaka mitano baada ya kuonekana Uganda. Kabla ya hapo ulikuwa ugonjwa wa Ethiopia, ambako wataalamu waliueleza mwaka 1968 kwenye mmea uitwao ensete, ndugu wa mgomba. Huku kwetu watu waliupa jina la unyanjano. Asiyeijua Kagera anaweza kudhani ni ugonjwa wa zao kama magonjwa mengine. Lakini kibanja cha Mhaya si shamba la kwenda asubuhi na jembe begani. Kibanja kinaizunguka nyumba. Makaburi ya wazee yamo humo, kahawa na maharage vimo humo, watoto wanachezea humo. Mgomba mmoja ukishikwa, jani linageuka njano na kulegea kama lililomwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya siku zake, na ukizipasua ndani ni kahawia. Kata shina, subiri kidogo, utaona usaha wa njano ukijitokeza matone matone. Dawa ya kuutibu hakuna. Unang'oa.

Unaenea kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni wadudu, nyuki wakiwemo, wanaotua kwenye ua dume la mgomba mgonjwa kisha wakatua kwenye la mgomba mzima. Ya pili ni chuma: panga, jembe, kisu. Kisu kinachokata mgomba mgonjwa hubeba utomvu wake, na utomvu ndio gari la bakteria.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa senene. Asubuhi niliitwa kwenye kibanja kimoja kuthibitisha ugonjwa. Nikakata shina, watu wakaona usaha. Kisha nikafanya yote niliyokuwa nikiwafundisha wengine: nikalifuta bapa kwa jani, nikalimwagia Jik iliyochanganywa na maji, nikaliacha likauke juani. Nikakunja kisu. Ta. Mfukoni.

Mchana nikapita kwa mama mmoja mjane, ng'ambo ya kijito, ambaye kibanja chake kilikuwa safi kuliko vyote katika kitongoji kile. Akanikaribisha kwa senene waliokaangwa na kahawa ya kutafuna. Akanionyesha migomba mitatu iliyozaa vizuri, vichane vyote vimeshafunguka, ua dume linaning'inia chini. Nikamwambia liondolewe, wadudu wasije wakaleta balaa. Sasa, ushauri wetu ulikuwa, na bado ni huo huo, kwamba ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda. Unakiinua kijiti, unalinasa ua katikati ya panda, unazungusha mara mbili tatu, linadondoka. Kijiti kimetoka kwenye mti wa jirani na nyumba, hakijaujua mgomba mgonjwa wa mtu yeyote. Hilo nililisema mbele ya watu mara zisizohesabika, hata watoto wa shule walikuwa wanalisema pamoja nami.

Lakini kijiti hakikuwa karibu, na kisu kilikuwa mfukoni. Mikungu ilikuwa imeinama, mkono ulifika. Nikakata ua la kwanza, la pili, la tatu. Mama akakisifu kisu.

Wiki ya sita alinitumia mjukuu wake aniite. Nilipofika nilikuta migomba mitatu imeshikwa. Mitatu ile ile.

Ushahidi sina hadi leo. Nyuki walikuwepo kijijini. Panga la jirani lililoazimwa lilikuwepo, na mbuzi wanaokata kamba wakaranda. Wenzangu kazini waliniambia niyaache, nisijibebeshe mzigo usio na mwenyewe. Jioni ile nilikaa barazani na sindano ya kushonea, nikachokoa pale bapa linapozungukia, ndani ya bawaba. Sindano ilitoka na kitu cheusi kinachonata kama lami. Nikachokoa tena, kikatoka kingine. Ulikuwa utomvu wa wiki nyingi, umejibanza mahali ambapo kitambaa hakifiki, Jik haifiki, wala moto sikuweza kuutia kwa sababu mpini ungeungua. Bapa langu lilikuwa safi kweli kweli. Nilikuwa naosha kinachoonekana.

Tangu siku ile ninapochagua kisu swali langu la kwanza ni kama naweza kukiosha chote. Ukali unakuja baadaye, maana kisu chochote chenye chuma cha maana kinanoleka. Na kisu unachoweza kukiosha chote hakikunjiki. Bapa na mkia wake ni kipande kimoja cha chuma kinachozama ndani ya mpini na kutulia humo, hakuna bawaba, hakuna springi, hakuna mfereji wa kulalia. Sikisemi vibaya kisu cha kukunja. Kumenya chungwa kwenye basi, kukata kamba ya mzigo, kinatosha na ni salama mfukoni. Ila kwa kazi ya shamba, ya kuparua samaki, ya kuchinja kuku, ya kuchonga mti, kisu kisichokunjika ndicho chenye kazi, na bahati njema ni kwamba huwa cha bei nafuu kuliko ndugu yake, kwa sababu hakina mengi ya kutengenezwa.

Nilianza kutafuta sokoni Bukoba. Vile vya shilingi 3,000 vyenye mpini wa plastiki vilinivutia kwa bei, lakini bapa lilikuwa jembamba mno. Nililikandamiza kwenye ubao likapinda na kubaki limepinda. Chuma kinachopinda na kukaa hivyo hakikupata moto wa kutosha, na makali yake yatalala upande mmoja kabla hujamaliza mkungu mmoja. Palikuwa na visu vya jikoni vya Tramontina kutoka Brazil, vyenye mpini wa mbao na misumari. Hivyo ni visu vya kweli, na kwa mtu wa jikoni ningemwambia anunue asigeuke nyuma. Nilichokitilia shaka ni ule mwanya kati ya mbao na chuma. Nilipitisha ukucha, ukaingia kidogo. Nikakumbuka sindano yangu.

Basi nikaenda kwa mhunzi.

Banda lake liko upande wa Maruku, si mbali na Katuruka, na niseme wazi kwamba nilijisikia vibaya kwa kuchelewa kufika huko. Katuruka ni kijiji ambacho kila Mtanzania angepaswa kukijua. Hapo ndipo palipoitwa Kaiija, mahali pa kufulia chuma, na simulizi za Wahaya zinamtaja mfalme Rugomora Mahe aliyetaka mnara wa chuma unaofika mbinguni. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wafua chuma wa Buhaya walikuwa wakizalisha chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, katika matanuri ya udongo wa kichuguu, shimo lake likiwa limejazwa matete ya kinamasi yaliyochomwa. Waliyajua hayo kwa kuchimba na kwa kuwaomba wazee wajenge tanuri upya, wazee waliokuwa vijana wakati kazi ile ilipokoma. Mimi nilikuwa nimepita njia ile mara nyingi kwenda kwenye mafunzo ya migomba katika kituo cha utafiti cha Maruku, nikiwa na kisu cha ughaibuni mfukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka kisu cha kumenyea au cha kukatia?"

Nikamweleza shida yangu. Hakushangaa. Alichukua kipande cha springi ya gari, akakitia kwenye makaa, kijana wake akaanza kukanyaga mivuo. Alikifua juu ya fuawe, ambayo ni kipande cha reli, hadi kikawa na urefu wa kiganja changu na unene wa sarafu mbili. Nilitaka kirefu zaidi. Akakataa. Alisema kisu cha mkono kikizidi kiganja kinataka kuwa panga, na panga ninalo. Tangu hapo nimetumia vya kila urefu na naona alisema kweli: sentimita kumi za bapa zinafanya karibu kila kitu.

Kisha ikaja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Alikirudisha kisu motoni, na pembeni akawa na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Kila baada ya muda alikitoa kisu akaigusisha sumaku. Ikanata. Akakirudisha. Ikanata tena, kwa udhaifu. Akakirudisha. Mara ya nne sumaku ilikataa kabisa, kana kwamba imeletewa jiwe. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 huacha kuvutwa na sumaku, na joto la kuzidi hapo kidogo ndilo la kukizamisha. Akakizamisha kwenye oili chafu ya gari, moshi ukatanda banda zima. Kilipotoka alinipa tupa. "Jaribu." Nikasugua, tupa ikateleza kama juu ya kioo.

Nikadhani tumemaliza. Akanicheka kwa upole, akasema nikikiangusha sasa hivi kitavunjika vipande viwili. Alikisugua kwa msasa upande mmoja hadi chuma kikawa cheupe, akakiweka juu ya bati lililopashwa moto, akaniambia nitazame rangi. Nilitazama. Kwanza hakuna kitu. Halafu weupe ukaanza kugeuka, polepole sana, rangi ya majani makavu ikitembea kutoka mgongoni kwenda kwenye makali. Alikitoa hapo hapo. Ni joto la nyuzi kama 220. Angeliacha lipite kahawia na zambarau hadi buluu, karibu nyuzi 300, kisu kingelainika na kusahau makali. Ugumu peke yake huvunjika, na ulaini peke yake hulala. Kisu kimepatikana katikati, kwa rangi ambayo ukipepesa macho imepita.

Jambo hili lina maana kubwa kwa kazi yangu, na wengi hawalijui. Tunawaambia wakulima wapitishe kisu motoni kati ya mgomba na mgomba. Ni ushauri mzuri. Ila mtu akikiacha juu ya makaa hadi kikageuka buluu, amekiua kisu kwa mkono wake, kisha analalamika kwamba visu vya siku hizi havina makali. Kipitishe juu ya mwali upande huu na upande huu, hadi usiweze kukigusa kwa kidole. Kikianza kubadili rangi umezidisha. Na ukitumia Jik, suuza kwa maji, kausha, pakaa mafuta kidogo, hata ya kupikia, kwa kuwa Jik inakula chuma. Hata kile kiitwacho kisichoshika kutu kinaweza kupata vijishimo.

Mpini nao tulibishana. Desturi ni kuuchomea mkia wa kisu kwenye mti, ukaingia na kukaza. Unashika vizuri, lakini pale mdomoni hubaki upenyo. Nilinunua gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, nikaujaza upenyo wote na kuusugua ulipokauka hadi ukucha ukapita bila kukwama. Nikauzungushia mpini rangi nyekundu, kwa sababu kisu chenye mpini wa rangi ya mti ukikiweka chini kwenye matandazo ya migomba umekizika. Ala ya ngozi niliikataa japo ilikuwa imeshonwa vizuri. Ngozi hunywa utomvu na unyevu, na kisu kinachorudi kila jioni kwenye kitanda kichafu hakiwezi kuamka safi. Nilichukua kipande cha bomba la plastiki la maji, nikakilainisha juu ya mkaa, nikakiminya kati ya mbao mbili kisu kikiwa ndani kimefungwa karatasi. Nikatoboa tundu chini ili maji yatoke. Haipendezi machoni, lakini inaoshwa.

Kisu, shilingi 12,000. Gundi, rangi na bomba havikufika nusu ya hapo.

Miaka michache baadaye mtafiti mmoja mgeni aliniachia kisu cha Morakniv, kutoka mji wa Mora nchini Sweden, ambako visu vya aina hiyo vimetengenezwa tangu mwaka 1891. Bapa lake linazidi kidogo sentimita kumi, unene milimita mbili na nusu, na mpini wake wa plastiki umemiminwa moja kwa moja juu ya chuma, hauna mwanya. Ala yake ni ya plastiki, ina tundu chini. Nilipoigeuza na kuliona lile tundu nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa kwetu mbali na nyumbani. Kwao si kisu cha tajiri. Maseremala hununua, hata watoto hufundishiwa kuchonga. Mwenye namna ya kukipata kwa bei yake halali na akipate. Lakini kikipotea sitakikuta sokoni Kamachumu, na cha mhunzi nitakikuta, na fedha yake itabaki kwenye banda lile ambalo kijana bado anajifunza kuitazama ile rangi. Kwa hiyo cha mhunzi ndicho ninachotembea nacho.

Kwa yule mama nilirudi baada ya miaka miwili. Alikuwa ameng'oa, ameipumzisha sehemu ile kwa maharage, kisha akapanda machipukizi safi. Nilimkuta jikoni akimenya ndizi kwa kisu chake mwenyewe, kidogo, kilichonolewa miaka mingi hadi bapa likabaki jembamba kama jani la mwanzi. Nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia nimekuja kusema neno. Nikamweleza kuhusu bawaba, sindano, na ile lami nyeusi. Nikamwambia kwamba siwezi kuthibitisha lakini naomba anisamehe.

Hakuacha kumenya. Ganda liliendelea kushuka kwa mkato mmoja mrefu.

"Siku ile niliona," akasema.

"Uliona nini, mama?"

"Niliona hukutafuta kijiti."

Nikanyamaza. Kisha nikamuuliza, mbona hakuniambia.

"Wewe ndiye mwalimu, mwanangu. Nilidhani kisu chako kina dawa."

Nimeyabeba maneno hayo kuliko lawama yoyote niliyowahi kupewa. Alikuwa amelisikia somo langu, akalishika vizuri kuliko mimi, na akaliweka kando kwa sababu mwenye cheo alifanya vingine mbele ya macho yake. Sasa nikifika kwenye kibanja cha mtu, kabla sijatoa kisu, namwomba mwenye nyumba aniangalie na anikataze nikikosea. Wengine huona haya. Nawasubiri hadi wazoee.

Alipomaliza sufuria akanawa mikono, akaomba akione nilichonacho sasa. Nikakichomoa kwenye bomba langu la plastiki, nikampa. Hakukisifu. Alikigeuza, akapitisha ukucha pale chuma kinapokutana na mti, akarudia upande wa pili. Kisha akainama kwenye mafiga, akakipitisha juu ya mwali mara moja, akakigeuza, akakipitisha tena, akasogeza kidole karibu na bapa na kukiondoa upesi. Akanikabidhi, mpini mbele.

"Twende," akasema, "kuna ua pale nyuma. Lakini kwanza tafuta kijiti."